Muputu ukivaa nyekundu, noa jembe, lakini usipande bado



Mwezi wa 9 umefika na munaona wenyewe vile pori limegeuka. Nyasi zimekauka, pengine zimeungua, mavumbi yako kila mahali, mito midogo imepungua, na mvua haijanyesha tangu mwezi wa 4. Lakini miti ya miombo, muputu na mutondo na wenzao, imeanza kuvaa majani mapya. Yanatoka mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine karibu ya waridi, kisha polepole yanakuwa ya kijani. Maembe yameshatoa maua na matunda madogo yanaonekana. Mu mji wa Lubumbashi jacaranda inaanza kumwaga maua ya zambarau barabarani. Usiku baridi ya mwezi wa 6 na wa 7 imeisha, na mchana joto linapanda.

Mu vitabu vya Kifaransa vya shule ya msingi tulisoma habari ya printemps, ule wakati wa Ulaya ambapo baridi inaisha na maua yanafunguka. Watoto wengi wa Katanga walijifunza neno lile wakafikiri ni kitu cha wazungu peke yao. Kumbe hata sisi tuko na yetu. Inafika mwezi wa 9, na pori zima linaitangaza.

Mu makala hii tunataka kusema jambo moja ambalo wengine hawatalipenda: alama zile za majani na maua ni za kweli, wazee hawakukosea kuzifuata, lakini siyo ruhusa ya kupanda mahindi. Ni amri ya kujitayarisha. Mwenye kuchanganya mambo haya mawili anaweza kupoteza mbegu ya mwaka mzima, na kubaki na deni ku kooperative.

Kwa nini mti unatoa majani kabla ya mvua

Tuanze na swali ambalo wakulima wanatuuliza kila mara: kama mvua haijakuja, mti unapata wapi maji ya kutengeneza majani mapya?

Jibu liko chini. Mti wa miombo una mizizi inayoshuka mbali, mu udongo ambao bado unashika maji ya mvua ya mwaka uliopita. Mti haungojei wingu. Siku zikirefuka kidogo na joto likipanda, unaanza kazi kwa akiba yake. Ile rangi nyekundu ni kama nguo ya kulinda jani changa juu ya jua kali, mpaka jani linakomaa na kuwa la kijani. Hivi mvua ya kwanza ikianguka, mti uko tayari, majani yake yote yako kazini.

Sasa tazama punje ya mahindi. Tunaiweka sentimeta 5 chini ya ardhi. Haina mizizi mirefu, haina akiba ya mwaka jana. Inakunywa paka yale maji yaliyo mu tabaka la juu, na tabaka lile njo jua linakausha la kwanza. Basi majani ya muputu yanatuambia habari ya joto na habari ya maji yaliyo mbali chini. Hayatuambii kitu juu ya maji ya sentimeta 5. Mti na mahindi wanaishi mu shamba moja, lakini hawanywi ku kisima kimoja.

Hapo pia njo tofauti yetu na Ulaya. Huko, baridi ikiisha, maji yanakuwa tayari mu udongo. Kinachokosekana ni joto. Joto likifika, kazi inaweza kuanza. Kwetu joto linafika kwanza, maji yanafuata nyuma, pengine baada ya wiki mbili, pengine baada ya miezi miwili. Na hata huko Ulaya maua yanaweza kudanganya. Mu mwaka wa 2021, Ufaransa ilipata joto zuri mwezi wa 3, mizabibu na miti ya matunda ikafunguka mapema. Mwezi wa 4 baridi kali ya usiku ikarudi na kuunguza machipukizi mu sehemu nyingi za inchi. Wakulima wale wako na mashini na ofisi za hali ya hewa za kila namna, na bado walilia. Kwa hiyo mtu asione haya kwamba alama za pori zinamchanganya.

Mvua ya kudanganya

Tunaijua wote. Mwezi wa 10, mchana moja, joto limebana, mawingu yanajikusanya, upepo mkali unavuma, ngurumo, kisha mvua inamwagika nusu saa. Harufu ya udongo inapanda. Kesho yake inswa, wale kumbikumbi, wanaruka na watoto wanakimbia na beseni. Ku kijiji kila mtu anasema: mvua imeanza! Na jirani akishika jembe, ni vigumu kubaki umekaa.

Tupige hesabu kidogo pamoja. Tuseme mvua ile ilikuwa ya milimeta 15. Milimeta moja ya mvua ni litri moja ya maji kwa kila metre carré. Basi shamba lako limepata litri 15 kwa kila metre carré. Mu joto la mwezi wa 10, jua na upepo vinaweza kuondoa karibu milimeta 5 kwa siku. Gawanya: siku 3. Mahindi yanahitaji siku 5 mpaka 7 kuchomoza, hata mu udongo wenye joto. Punje imeshakunywa, imevimba, imetoa mzizi, halafu maji yanaisha. Punje kavu inaweza kungoja. Punje iliyoanza kuota haiwezi kurudi nyuma. Inakufa, ao inachomoza dhaifu, moja hapa, moja pale, na shamba linakuwa kama mdomo wenye meno yaliyong'oka.

Kwa hekta moja tunapanda karibu kilo 25 za mbegu. Mvua ikikatika wiki mbili ao tatu, unatafuta kilo 25 nyingine. Kama ni mbegu bora uliyopewa kwa mkopo, deni la kwanza linabaki palepale, mbegu iote isiote. Na wakati ule bei ya mbegu ku soko haishuki. Wengi wanaishia kupanda punje walizokuwa wanangojea kula, ao masalio ya gala ambayo hawajui yalitoka mbegu gani. Mwishoni mwa mwaka tunasema mbegu ya kooperative ilikuwa mbaya. Mara nyingi mbegu haikuwa mbaya, tarehe njo ilikuwa mbaya.

Wanaopanda mapema wana sababu zao

Tusiwacheke. Mama anayepanda mwezi wa 10 siyo mjinga. Anajua kwamba mwezi wa 1 na wa 2 ni miezi ya njaa, gala limekwisha, na mahindi mabichi ya kwanza yanauzwa bei nzuri pembeni ya barabara. Anajua pia kwamba shamba lililopandwa mwishoni mwa mwezi wa 12 linazaa kidogo: jua limepungua juu ya mawingu, mvua imeosha mbolea, na yule kiwavi anayekula moyo wa mahindi anakuta mimea ikiwa bado midogo. Anaogopa kuchelewa, na woga wake ni wa haki.

Tena kuna jambo lingine. Mahindi yanaogopa kukosa maji zaidi wakati wa kutoa maua, yaani ua la juu linapofunguka na nywele zinatoka ku kisunzi. Kwa mbegu nyingi tunazotumia, wakati huo unafika karibu siku 60 mpaka 70 baada ya kupanda. Mvua ikikatika wiki mbili hapo, nywele zinakauka, punje hazijai, na hakuna mbolea itakayorudisha kitu. Munakumbuka msimu wa 2023–2024, mwaka wa El Niño. Kwa majirani zetu wa Zambia mvua ilikatika katikati ya msimu, mahindi yakiwa kwenye saa ile ya maua, na tarehe 29 mwezi wa 2 mwaka wa 2024 serikali yao ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Sisi wa Haut-Katanga, ambao tunakula unga mwingi unaopita Kasumbalesa, tunajua maana ya neno lile: Zambia ikikosa, bukari yetu inapanda bei.

Basi hatari ni mbili. Ukipanda mapema sana, mbegu inakufa mu udongo. Ukipanda tarehe moja yote, hata tarehe nzuri, shamba lote litatoa maua wiki moja, na kama wiki ile mvua inakosekana, umepoteza yote mara moja. Kungoja peke yake siyo dawa. Dawa ni kupima na kugawanya.

Alama za wazee, tuziweke ku kazi yake

Kuna maagronome wanaotoka ku chuo na kusema alama za wazee ni mambo ya zamani. Sisi tuliosoma ku institut ya kilimo hatukubali maneno hayo. Mzee anayetazama upepo anatazama kitu cha kweli. Mu kiangazi upepo wetu unatoka kusini-mashariki, ni mkavu na wa baridi. Upepo ukigeuka na kuanza kutoka upande wa magharibi na kaskazini, unaleta unyevu wa bonde la Congo, na mawingu ya kweli yanaweza kujengeka. Anayehesabu usiku wa joto, anayetazama masuku yakianza kuiva, anayesikiliza ndege, wote wanasoma kitabu kimoja: dunia inajitayarisha kwa mvua.

Lakini kila alama ina kazi yake. Tunapendekeza tuzigawe hivi:

Majani mekundu ya miombo (mwezi wa 8 na wa 9) ni alama ya kusafisha shamba, bila kuchoma. Moto wa mwezi wa 9 unaunguza majani mapya ya pori, unaua maua ambayo nyuki wanayatafuta, na unaondoa majani makavu ambayo yangefunika udongo wako. Wenye mizinga ya nyuki wanajua: maua ya miombo yakiungua, asali inapungua. Ni wakati pia wa kukusanya samadi na kuhesabu nani anataka mbegu kilo ngapi.

Majani yakigeuka kijani na joto likibana (mwezi wa 10), ni alama ya kuwa na mbegu na angre mu depo, siyo ku karatasi. Ni wakati wa kuchimba mashimo ao kufungua mistari, kunoa majembe, na kujaribu mbegu: chukua punje 100, zifunge mu kitambaa chenye maji, hesabu zinazoota baada ya siku 7. Zikiwa chini ya 85, ongeza punje ku shimo, ao rudisha mbegu kwa aliyeiuza.

Inswa na mvua ya kwanza ni alama ya kutoa majani ya kwanza ya magugu, kulima mara ya mwisho, na kuanza kuandika milimeta. Bado siyo ya kupanda mahindi ya gala.

Upepo ukiwa umegeuka kabisa na udongo umelowa mpaka chini, hapo sasa: panda.

Bustani zisisahauliwe

Wenye bustani za mboga pembeni ya mito wanajua kwamba wakati huu wa kubadilika-badilika unawatesa zaidi. Mwezi wa 9 na wa 10, maji ya mto yako chini kabisa na jua liko juu kabisa. Nyanya zinatoa maua mengi, kisha maua yanadondoka bila tunda, na mtu anasema ni uchawi ao ni dawa ya jirani. Ni joto na kiu. Ua la nyanya likikuta mchana wa joto kali na udongo unaokauka na kulowa, linajiangusha lenyewe. Funika udongo kwa nyasi kavu, nyunyiza asubuhi mapema ao jioni, kidogo kila siku kuliko nyingi mara moja kwa wiki, na weka kivuli chepesi juu ya miche.

Lakini la muhimu zaidi ni mikono. Mama aliye bustani mwezi wa 10 ndiye anayengojewa ku shamba la mahindi. Mu nyumba nyingi kazi ya kumwagilia ni yake, ya kulima ni yake, ya kuchota maji ya kupikia ni yake. Mvua ya kweli ikifika akiwa bado anauza lengalenga na shu ili apate franga za shule, shamba la mahindi litachelewa, na hakuna alama ya mti itakayomsaidia. Kooperative ikipanga siku ya kupanda, ipange pia nani atamsaidia nani, na wapapa wasikie vizuri hapo.

Kipima mvua cha chupa

Radio ya mji inaweza kusema Lubumbashi imepata mvua, na kwenu hata tone halikuanguka. Mvua ya mwezi wa 10 na wa 11 ni ya vipande: kijiji kimoja kinalowa, kingine ng'ambo ya mto kinabaki na mavumbi. Habari za METTELSAT ni za lazima, tuzifuate, lakini haziwezi kujua shamba lenu. Njo maana kila kooperative iwe na kipima mvua chake, na siyo kitu cha kungojea mradi.

Twaa chupa ya plastiki ya litri moja na nusu yenye ubavu ulionyooka. Kata shingo yake, igeuze iwe kama mfereji juu ya chupa. Weka mawe madogo chini ili upepo usiiangushe, mwaga maji mpaka pale ambapo ubavu unakuwa sawa, piga alama: hapo ni sifuri. Kutoka hapo, bandika rula ya mtoto wa shule. Milimeta ya rula ni milimeta ya mvua. Funga chupa ku mti wa kusimamisha, urefu wa metre moja na nusu, mahali pa wazi, mbali na nyumba na miti. Kila asubuhi saa moja, mtu mmoja anasoma, anaandika, kisha anarudisha maji ku sifuri.

Daftari liwe na mistari minne: tarehe, milimeta, alama tulizoziona (majani, upepo, inswa, maua), na kazi iliyofanyika. Muchague watu wawili, mmoja awe mama, ili mmoja akigonjwa daftari lisilale. Baada ya miaka mitano daftari lile litakuwa na thamani kuliko karatasi yoyote tunayoleta sisi maagronome, kwa sababu litaonyesha, ku kijiji chenu, siku ngapi zinapita kati ya muputu kuwa mwekundu na mvua ya kushika. Hapo alama ya mzee na namba ya kijana vitakuwa kitu kimoja.

Sheria tunayopendekeza

Haifai kila mtu apande kwa kuangalia jirani. Haifai pia agronome atoe amri kutoka ku gari. Tunapendekeza kooperative ikubaliane, mu mkutano mkubwa, na kuandika mu daftari, sheria kama hii. Muibadilishe kufuatana na udongo wenu:

1. Mahindi ya gala yasipandwe kabla ya tarehe 10 mwezi wa 11.
2. Kipima mvua kiwe kimefikia milimeta 40 ndani ya siku 10, kwa mvua zisizopungua mara tatu.
3. Udongo uwe umelowa mpaka sentimeta 20. Chimba, shika udongo wa chini, ufinyange. Ukishikana kama mpira, ni sawa. Ukimwagika mu vidole, ngoja.
4. Shamba ligawanywe mara tatu: sehemu ya kwanza siku sheria inapotimia, ya pili siku 7 mpaka 10 baadaye, ya tatu siku nyingine 7 mpaka 10, na yote iishe kabla ya tarehe 15 mwezi wa 12. Kwa namna hii maua hayatoki wiki moja.
5. Mwenye kutaka mahindi mabichi ya mapema apande kipande kidogo ku bonde lenye unyevu ao karibu na nyumba anapoweza kumwagilia, na kwa mbegu yake mwenyewe, siyo ya mkopo.

Na jambo la mwisho ni la depo. Mbegu ya mkopo itoke kwa vipande vitatu kama shamba lenyewe, siyo mfuko mzima siku moja. Tunajua maneno yatakayotoka: "Mbegu ni yangu, nimeweka sahihi, kwa nini unifungie?" Ni swali la haki. Jibu letu ni kwamba deni la mmoja asiyelipa linaanguka ku mgongo wa wote, kwa sababu mwaka ujao anayekopesha kooperative hatatazama jina la mtu, atatazama jina la kooperative. Lakini funguo ya depo isiwe ya mtu mmoja anayependelea ndugu zake. Sheria iandikwe, tarehe na milimeta vitundikwe ku mlango, kila mtu asome mwenyewe.

Na miradi nayo isome miti

Itakuwa si haki kuwaambia wakulima wangojee mvua, na kunyamaza juu ya miradi inayoleta mbegu saa wakulima wenzao wanapalilia. Tunajua mahali ambapo mifuko ilifika karibu na Noeli, watu wakapiga picha na kushukuru, na mbegu ikapandwa imechelewa mwezi mzima ao ikaliwa. Karatasi zilikuwa sawa, sahihi zote zilikuwepo. Ila mahindi hayasomi karatasi.

Muputu haujui mwaka wa budget unafungwa lini. Kama pori linaweza kujitayarisha miezi miwili mbele kwa akiba ya mwaka uliopita, ofisi inaweza pia. Tunasema wazi, mu gazeti hili hili: mbegu na angre vinapaswa kuwa mu depo ya kooperative kabla majani ya miombo hayajamaliza kuwa ya kijani, yaani mwisho wa mwezi wa 10. Mbegu ikifika baada ya tarehe 15 mwezi wa 12, kooperative iwe na haki ya kukataa kuipokea kwa mkopo, ao kuipokea kwa kupanda kitu kingine kama maharagi ya mwezi wa 2. Haki hiyo iandikwe mu mkataba kabla ya kuweka sahihi. Musiogope kuidai. Mfadhili wa kweli anapenda kuona shamba, siyo paka karatasi ya kupokea mifuko.

Pori likiisha, nani atatupa habari?

Tumesema mengi juu ya muputu na mutondo. Lakini kuna vijiji, hasa vile vilivyo karibu na barabara za Kipushi, Likasi na Kasumbalesa, ambapo mtoto wa miaka kumi hajui rangi ile nyekundu tunayosema. Miti imekuwa makala na imeingia mu mifuko kuelekea mjini. Hatuwezi kumlaumu mtu anayeuza makala ili mtoto apate dawa. Lakini tuone hasara yote: siyo kuni peke yake. Zimeondoka asali, uyoga wa mvua ya kwanza, viwavi vya kula, masuku, majani ya kufunika udongo, na ile saa kubwa ya pori iliyokuwa inawaambia wazazi wetu kwamba wakati umefika wa kuamka.

Miombo ikikatwa na kisiki kikaachwa bila moto na bila kung'olewa, kinachipuka chenyewe. Kooperative ikichagua kipande cha pori na kukilinda juu ya moto wa kiangazi, haihitaji hata kitalu. Ndani ya miaka michache vichipukizi vinakuwa vijiti, na mwezi wa 9 vitavaa nyekundu kama mama yao.

Kwa mkutano wenu wa mwezi huu, tunawaomba mujadili maswali matatu tu. Nani atashika daftari la mvua? Sheria yetu ya kupanda ni ipi, na nani amekubali? Na mbegu ya mwaka huu iko wapi leo, mu depo ao mu maneno? Kama swali la tatu halina jibu, muandikie mradi wenu wiki hii, na muweke nakala.

Majani ni mekundu. Kazi imeanza. Mbegu zingoje.